Setilaiti Inaona Nini Katika Shamba la Mitaboni?



Tangu mwezi wa Julai vikundi vitatu vya Mitaboni na pande za Kathiani vimetuletea swali moja. Kijana amefika kwenye mkutano wao, akasema kampuni yake inakopesha mbegu na mbolea kwa ajili ya mvua ya Oktoba, na ndani ya mkopo huo mna bima. Hakuna afisa atakayekuja kukagua shamba. "Setilaiti ndiyo itaangalia," akawaambia, "na akili bandia ndiyo itaamua nani anakopeshwa kiasi gani na nani analipwa mvua ikikosa." Kazi ya mkulima ni kuzunguka mpaka wa shamba lake na simu, kutoa nambari ya kitambulisho, na kubonyeza mahali palipoandikwa "nakubali". Wanavikundi wanatuuliza: tubonyeze ama tusibonyeze?

Swali hili linatutia haya kidogo, kwa sababu tulishalijibu vibaya mara moja. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja jina, kilitujia na habari kama hii. Tukasema ni jambo jema, kwani mkulima hatoi pesa za kwanza. Hatukusoma karatasi. Mvua ya Machi ikaanza vizuri, ikakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Watu walivuna magunzi. Wakangoja ujumbe wa bima kwenye simu, na ujumbe uliokuja ulikuwa wa kudai mkopo. Walipopiga simu kuuliza, wakaambiwa takwimu za setilaiti zinaonyesha eneo lao lilikuwa sawa. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi wawili ili alipe deni. Jumapili moja nje ya kanisa alituuliza mbele ya watu: "Hiyo setilaiti yenu ilikuwa ikiangalia shamba la nani?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumeuliza maafisa wa kilimo, tumesoma, tumetembea mashambani na kamba ya kupimia, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MACHAKOS ILISHAPIGWA PICHA ZAMANI

Kutazama shamba kutoka juu si jambo geni kwetu. Mwaka 1948 ndege zilipita juu ya wilaya ya Machakos zikipiga picha za ardhi, na picha nyingine zilipigwa mwaka 1961 na 1978. Baadaye watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walizilinganisha picha hizo na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Mnakumbuka wazee walivyosimulia kwamba katika miaka ya 1930 maafisa wa mkoloni waliandika kuwa nchi ya Ukambani imekwisha, ni makorongo matupu. Picha zilionyesha kinyume. Kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mashamba yenye matuta yakaongezeka, miti ikaongezeka, na mmomonyoko ukapungua. Matuta hayo yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na wengi waliochimba walikuwa akina mama.

Lakini angalieni jinsi watafiti hao walivyofanya kazi. Hawakutazama picha tu. Walishuka vijijini wakauliza wazee: hapa mlichimba lini, kwa nini, na nani alitoa nguvu? Picha ilionyesha tuta lipo. Sababu yake ilitoka kwa watu.

JICHO LA JUU LINAVYOFANYA KAZI

Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia kikiwa na kamera. Za kwanza za kutazama ardhi kwa ajili ya kilimo na misitu zilianza mwaka 1972, wakati Marekani iliporusha ile iliyokuja kuitwa Landsat. Kenya nayo ina historia yake katika mambo haya. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970 (hiyo ilikuwa ya kuchunguza nyota, si mashamba), na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1 kutoka California, yenye kamera ya kutazama ardhi. Hapo Nairobi, huko Kasarani, kuna kituo cha RCMRD kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hutengeneza ramani kutokana na picha hizi kwa nchi nyingi za Afrika.

Picha zinazotumika sana kwa kilimo siku hizi ni za setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017. Ziko juu karibu kilomita 786, mbali kuliko safari ya Nairobi mpaka Mombasa, na zikifanya kazi mbili kwa pamoja hupita juu ya shamba lako kila siku 5. Picha zake ni za bure kwa mtu yeyote duniani. Tunalitaja hili kwa sababu tumesikia ati kuna mtu anawauzia watu "picha ya setilaiti ya shamba lako" kwa bei ya kuku.

Sasa, inajuaje kama mahindi yana afya? Jani huunda chakula chake kwa nguvu ya mwanga, na mwanga linaoupenda sana ni mwekundu. Jani lenye afya hunywa huo mwekundu, halirudishi mwingi. Lakini jirani ya mwekundu kuna mwanga mwingine ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa. Huo jani lenye afya haliutaki, hulirudishia anga kwa wingi. Kamera ya setilaiti hupima mianga yote miwili, na kompyuta hupiga hesabu ya tofauti yake. Inapata nambari. Udongo mtupu hutoa 0.1 au 0.2 hivi, na shamba lililofunga majani laweza kufika 0.8. Mahindi yakianza kukauka, nambari hushuka, mara nyingine kabla mwenye shamba hajaona rangi ikibadilika.

Hiyo ndiyo siri yote. Setilaiti haioni mahindi, wala maharagwe, wala njaa. Inaona ukijani. Na gugu pia ni kijani.

Tena kuna mawingu. Kamera ya namna hii haipenyi wingu, na mwezi wa Novemba, wakati tunapotaka sana kujua mimea inaendeleaje, anga yetu hujaa mawingu. Kuna setilaiti za aina ya rada, kama Sentinel-1 iliyoanza mwaka 2014, ambazo hupenya mawingu, lakini hizo hupima umbo na unyevu, si rangi ya jani.

CHUKUENI KAMBA YA MITA 10

Hapa tunaomba msisome tu. Chukueni kamba ya mita 10 na vigingi vinne, mwende kwenye shamba la mwanakikundi mmoja, mpime mraba wa mita 10 kila upande. Huo ndio udogo wa mwisho ambao Sentinel-2 inaweza kuona. Ndani ya mraba huo setilaiti haitofautishi kitu na kitu. Inachanganya vyote na kutoa nambari moja.

Tulifanya zoezi hili na kikundi kimoja kwenye mteremko wa Iveti. Ndani ya mraba mmoja tulikuta mistari ya mahindi na maharagwe, mbaazi, tuta moja lenye nyasi ya nepia, nusu ya mwembe, na njia ya kwenda mtoni. Nambari moja kwa vitu hivyo vyote! Ekari moja ina miraba kama 40 ya namna hiyo, na kwa shamba dogo nusu yake au zaidi inagusa mpaka, yaani inachukua na ukijani wa jirani.

Kwa mwenye ekari 1,000 za ngano kule Narok jambo hili si shida. Miraba yake yote ni ngano. Na kwa watu wa namna hiyo ndiko kilimo cha vipimo kilikoanzia: kule Marekani, tangu miaka ya 1990, matrekta yameongozwa na setilaiti kujua yako wapi shambani, na mashine ikaweka mbolea nyingi pale udongo ni dhaifu na kidogo pale udongo una nguvu. Wazo lenyewe ni zuri sana, nasi tutalirudia. Lakini chombo kilichotengenezewa uwanda mpana, kikiletwa kwenye matuta yetu ya fanya juu, kinafanya kazi nusu.

AKILI BANDIA NI MWANAFUNZI

Neno hili linatisha watu bure. Mnajua jinsi mama anavyomfundisha binti yake kuchagua mahindi ya mbegu. Hampi hotuba. Anampa gunzi hili, anasema weka. Lile, anasema tupa. Baada ya mamia ya magunzi binti anajua, hata kama hawezi kueleza anajuaje. Kompyuta hufundishwa vivyo hivyo. Watu huionyesha maelfu ya picha, kila moja imeandikwa jibu lake, mpaka inaanza kubahatisha vizuri yenyewe. Basi, ndiyo akili bandia hiyo.

Binti aliyefundishwa kwa mahindi ya Katumani pekee akipewa mbegu ya mbali atakosea, tena atakosea bila kujua kwamba anakosea. Kompyuta iliyofundishwa kwa mashamba ya zao moja, yaliyo tambarare, ikiletwa Mitaboni mahali mahindi, maharagwe, kunde na mbaazi vinakaa nyumba moja, itatoa jibu bila kusita hata kidogo. Mashine haijui kuona haya kama sisi tulivyoona.

Tusiseme ubaya tu. Kuna kazi ya akili bandia ambayo tumeiona na tukaipenda. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, wengi wetu tulipoteza mahindi tukidhani ni mdudu wa kawaida wa bua. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walitoa programu ya simu inayoitwa Nuru. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani lililotobolewa, nayo inakwambia kama jeraha ni la kiwavi huyo. Inazungumza Kiswahili, na iliundwa ifanye kazi bila mtandao ikishawekwa kwenye simu. Simu moja ya kijana mmoja inatosha kikundi kizima.

Kwa nini hii inafaa kuliko ile ya juu? Kwa sababu mkulima mwenyewe amesimama hapo. Mashine ikikosea, anafunua jani akaangalia. Na hata bila simu, mafundisho yaliyokuja nayo ni ya kushika: tembea shambani kwa njia ya zigizaga, simama mahali 5, kila mahali kagua mimea 10. Umekagua 50. Ukijua ni mingapi kati ya hiyo 50 imeshambuliwa, unajua kama ni kazi ya kuokota kwa mkono au ni ya dawa. Mtu anayepulizia shamba zima kwa sababu ameona mahindi matatu yametobolewa anatupa pesa, na dawa hiyo inaishia kisimani.

MVUA, BIMA, NA JIBU LA YULE MAMA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Bima ya kawaida ni mtu kuja kuona hasara yako. Kwa shamba la ekari moja nauli ya mkaguzi inaweza kupita bima yenyewe, ndiyo maana kampuni zilikuwa zikitukimbia. Mwaka 2009 ulianza mpango wa Kilimo Salama kwa majaribio kule Laikipia, na wakulima kama 200. Badala ya kukagua mashamba walipima mvua kwenye kituo cha hali ya hewa, na ikipungua chini ya kiwango fulani, wote waliosajiliwa kwenye kituo hicho wakalipwa kwa M-Pesa. Mwaka 2014 mpango huo ukawa kampuni ya ACRE Africa. Kule Marsabit, mwaka 2010, watafiti wa ILRI walianzisha bima ya mifugo inayotazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, na malipo ya kwanza yakatoka mwaka 2011. Malisho ni eneo pana la aina moja, na mfugaji huhama ndani yake, kwa hiyo jicho la juu linafaa zaidi kule.

Huku kwetu mara nyingi kinachopimwa ni mvua. Lakini vituo vya kupima mvua ni vichache, kwa hiyo kampuni hutumia makadirio. Setilaiti hupima jinsi vilele vya mawingu vilivyo baridi, kwa maana wingu refu la mvua huwa na kilele baridi sana, kisha hesabu inasahihishwa kwa vituo vilivyopo. Takwimu za namna hii zinazotumika sana Afrika zina miraba ya karibu kilomita 5 kila upande. Pigeni hesabu: mraba mmoja ni zaidi ya ekari 6,000. Mnaijua mvua yetu. Inanyesha upande wa milima ya Iveti, watu wa chini wanaiona kwa macho na kuisikia ikinguruma, na wao hawapati hata tone. Kwenye kompyuta wote wamenyeshewa.

Wataalamu wanaijua hitilafu hii, tofauti kati ya kipimo na hasara ya kweli. Wanaifanyia kazi, ACRE Africa na watafiti wa IFPRI, kwa mfano, wamejaribu hapa Kenya bima ambayo mkulima mwenyewe hupiga picha za shamba lake msimu mzima, na picha hizo ndizo zinazotumika kuamua hasara. Hiyo inatupendeza zaidi, ingawa inahitaji mtu asiyesahau.

Yawezekana pia kwamba bima ya yule mama haikuwa ya mvua bali ya ukijani. Hatukuuliza, na hilo ndilo kosa letu. Kama ilikuwa ya ukijani, tulipokwenda shambani kwake na kamba tuliona jibu limesimama mbele yetu. Mbaazi zake alizipanda na mvua ya Oktoba. Kufika Juni mahindi ya Machi yamekufa, lakini mbaazi ina mizizi mirefu, imefunga majani, na bado iko kijani ikingoja kuvunwa Agosti au Septemba. Kuna miembe mitatu. Kuna nepia kwenye kila tuta. Ukitazama kutoka kilomita 786 juu, lile ni shamba zuri. Kwa hiyo, mama yetu, setilaiti iliangalia shamba lako kweli. Ila haikujua mahindi ni yapi.

KABLA YA KUBONYEZA "NAKUBALI"

Hatusemi mkatae. Mkopo wa mbegu umewasaidia wengi, na benki za zamani hazikuwa zikitufungulia hata mlango. Tunasema muulize, tena mkiwa kikundi, si mtu mmoja mmoja akiwa amesimama shambani na kijana mwenye haraka.

Muulizeni kinachopimwa ni mvua, ni ukijani, ni mavuno ya eneo zima, au ni picha za shamba. Kama ni mvua, mraba una ukubwa gani na kiwango cha kulipa ni milimita ngapi, kuanzia tarehe gani mpaka gani. Mvua ikikosa na bima isilipe, mkopo unalipwa namna gani, na je, mwenzangu akishindwa kikundi kizima kinadaiwa? Kampuni ya bima yenyewe ni ipi (anayekopesha si lazima awe ndiye mwenye bima) na je, ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima? Nani anapokea malalamiko, na kwa muda gani? Majibu yaandikwe na katibu kwenye kitabu cha kikundi, na yule kijana atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, hapo mmeshajibiwa.

Tena kuna sheria ambayo wachache wanaijua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema una haki ya kuambiwa habari zako zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na kosa. Mpaka wa shamba lako pamoja na nambari ya kitambulisho chako ni habari zako. Kifungu cha 35 kinahusu uamuzi unaofanywa na mashine peke yake: kama uamuzi huo unakugusa sana, kwa mfano kunyimwa mkopo, wanapaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe unaweza kudai ufikiriwe upya. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, Nairobi.

Watu wa Iveti wana kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1938 serikali ilihesabu ng'ombe, ikaamua yenyewe kwamba ni wengi mno, ikawachukua na kuwauza. Muindi Mbingu akaongoza watu kwenda Nairobi kulalamika. Yeye walimpeleka kizuizini Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Papa Fransisko aliuchagulia ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024, habari ya akili bandia na amani, na moja ya mambo aliyoyaonya ni hilo la mashine kuamua juu ya watu, kwa mfano nani apewe mkopo. Tuliposoma tulimkumbuka yule mama na mbuzi wake.

KIPIMO KILICHO MIKONONI MWETU

Tulisema wazo la kilimo cha vipimo ni zuri. Maana yake ni kutolitendea shamba lote kama kitu kimoja. Na mkulima mwenye matuta ana ramani tayari, haimlazimu kuinunua.

Tazameni kipande kati ya tuta na tuta. Sehemu ya chini, inayoegemea tuta, ndiyo inayopokea udongo na maji yanayoshuka, na mahindi ya pale huwa marefu. Sehemu ya juu ya kipande hicho, iliyo karibu na mtaro wa tuta la juu, imepoteza udongo wake, na mahindi ya pale ni mafupi na ya manjano. Kila mtu hapa ameliona. Na bado tunamwaga samadi sawasawa juu na chini! Msimu huu, samadi nyingi iende sehemu ya juu ya kila kipande.

Mbolea ya dukani vilevile ipimwe kwa shimo, isirushwe kwa mkono. Ukipanda mahindi kwa sentimita 90 kwa 30, ekari moja ina mashimo karibu 15,000. Ukiweka kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana, yaani kama gramu 5, mfuko wa kilo 50 unatosha mashimo 10,000, ndiyo theluthi mbili za ekari. Kama una mfuko mmoja tu kwa ekari nzima, punguza kijiko kiwe kama gramu 3, au ruka mashimo ya sehemu ya chini, yale yanayoegemea tuta. Ifunike na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, isiiunguze.

Kuna pia ramani ya udongo wa Afrika nzima, iSDAsoil, iliyotolewa mwaka 2020. Kompyuta ilifundishwa kwa sampuli za udongo zaidi ya 100,000, kisha ikakadiria sehemu zilizobaki kwa miraba ya mita 30. Kwa kupanga mambo ya kaunti inafaa. Kwa shamba lenye matuta matatu ndani ya mita 30, afadhali mchange pesa kikundi kizima, mpeleke sampuli kwenye maabara kupitia afisa wa kilimo wa wadi.

Na jambo la mwisho ni mkebe. Tafuteni mkebe ambao mdomo na kitako vina upana sawa, mwuweke juu ya kigingi mahali wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa shule apime kina cha maji kwa rula, aandike milimita na tarehe, kisha amwage. Kikundi kiwe na mikebe mitatu au minne, juu mlimani na chini. Kwa msimu mmoja mtakuwa na kitabu kinachoonyesha mvua ilianguka lini na wapi. Kitabu hicho hakiwezi kuilazimisha kampuni ilipe, lakini mtu wa kampuni akija na takwimu zake kabla ya kutia sahihi, mnaweza kumwuliza kwa nini mraba wake unasema milimita 40 wiki ambayo mikebe yenu yote ya chini ilipata 6.

Tunazo kamba tatu za mita 10 na vigingi katika ofisi ya maendeleo ya parokia. Kikundi kinachohitaji kimtume katibu Jumanne au Alhamisi asubuhi, na kirudishe ndani ya wiki moja kwa sababu vingine vinangoja. Vile vikundi vitatu vilivyotuuliza vije na karatasi za yule kijana, zote, hata zile za herufi ndogo. Safari hii tutazisoma pamoja kabla ya mtu yeyote kubonyeza.